QField kwenye mashimo ya Sirikwa na mapango ya Bonde la Ufa: inafaa wapi, inakwama wapi

Mashimo ya Sirikwa, yaani mazizi ya kale ya ng'ombe, yanaisha. Kuanzia nyanda za juu za magharibi mwa Kenya hadi upande wa Nakuru, trekta hupita juu yake msimu baada ya msimu, na shimo lililokuwa likimficha ng'ombe mzima hubaki duara la udongo mweusi katikati ya ngano. Chombo chochote kinachomwezesha mwanafunzi, mtumishi wa makumbusho au mwalimu wa historia kuyarekodi upesi na bila makosa kinastahili kuangaliwa kwa makini. Hapa tunaangalia QField, programu ya bure ya kuchora ramani na kujaza fomu ukiwa shambani, iliyotengenezwa na OPENGIS.ch ya Uswisi. Tunaipima kwa kazi mbili zinazokutana katika bonde hilohilo: mashimo na matuta yaliyo wazi juani, na mapango ambamo ishara ya setilaiti haifiki.

Kwa kazi ya kwanza hakuna kinachoishinda kwa bei hiyo. Kwa ya pili itakufikisha mlangoni tu, na anayelazimisha kuiingiza ndani ataharibu data yake.

Fomu ndiyo nguvu yake

Mradi hutengenezwa kwanza kwenye kompyuta kwa QGIS, programu ya bure ya ramani, kisha huhamishiwa kwenye simu kwa waya au kupitia QFieldCloud, huduma ya mtandaoni ya QField. Ukishahamia, kila kitu kinafanya kazi bila mtandao, pamoja na picha za setilaiti ulizopakia mapema. Vipande vya ramani tuviite leya, maana neno "tabaka" tunalihitaji kwa udongo. Leya nne zinatosha: nukta ya katikati ya kila shimo, poligoni (umbo lililofungwa) ya ukingo wake, mstari wa njia mliyotembea, na jedwali la picha lililounganishwa na ile nukta. Ukifika leya kumi, mjaza fomu atachoka kabla ya saa nne asubuhi na ataanza kuruka sehemu.

Kwanza ujue unachokirekodi. Mashimo haya ni mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa kwenye miteremko kati ya mwaka 1200 na 1800 hivi. Zamani watu walidhani ni nyumba. Mwanaakiolojia John Sutton ndiye aliyeonyesha kuwa ni mazizi, na kwamba nyumba zilijengwa kando, zikiegemea zizi. Mengi yana kipenyo cha mita 10 hadi 20. Mlango uko upande wa chini wa mteremko, na karibu na mlango kuna tuta la samadi na tope lililozolewa zizini mwaka hadi mwaka. Pale Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, alipochimba mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, kuna yaliyozungushiwa mawe.

Kwa hiyo fomu iulize: namba ya shimo, kipenyo kwa pande mbili, kina cha sasa, mlango unaelekea wapi, kuna mawe au hakuna, tuta liko upande gani wa mlango, ardhi imefunikwa na nini, uharibifu gani umeonekana, na kiwango cha uhakika. Hicho cha mwisho kiwe cha lazima. Si kila duara lililozama ni zizi: kuna machimbo ya marram, kuna mahali palipochomwa makaa zamani, kuna mashimo ya muhanga, hata josho la ng'ombe lililofukiwa. Weka orodha yenye majibu matatu, yaani hakika, yaelekea na shaka, halafu nafasi ya kuandika sababu kwa maneno. Ishara mbili ndizo zinazobeba uzito: mlango upande wa chini, na tuta kando yake. Kipenyo peke yake hakithibitishi lolote.

Hapo ndipo QField inapoliacha daftari mbali. Unaweza kuizuia isikubali kina cha mita 25 pale mtu alipokusudia 2.5. Picha inaingia ikiwa imefungwa na shimo lake, kwa hiyo hakuna usiku wa kukisia picha ya 47 ni ya wapi. Na majina ya sehemu za fomu unayaandika mwenyewe, basi fomu nzima inaweza kuwa ya Kiswahili. Hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Vijana wanaochunga mifugo ndio wanaojua mashimo yaliyojificha ndani ya vichaka vya leleshwa, na fomu ya Kiswahili inawafanya warekodi wenyewe badala ya kuonyesha kwa kidole na kungoja mgeni aandike.

Kurekodi njia mliyotembea kuna faida moja ambayo wengi hawaifikirii: kunaonyesha mahali mlipopita bila kukuta kitu. Ramani ya mashimo peke yake haisemi kama sehemu tupu ni tupu kweli au hamkufika. Weka simu irekodi kila baada ya mita 5. Kwenye ardhi wazi mistari ya kutembea iachane kwa mita 20, kwenye leleshwa mita 10. Kilomita moja ya mraba kwa mita 20 ni kilomita 50 za mistari. Watu wanne wakitembea sambamba, kila mmoja ana kilomita 12 na nusu. Hesabu siku mbili.

Mstari wa digrii 36

Kosa kubwa kuliko yote katika bonde hili hufanyika mezani, kabla ya mtu kuvaa viatu. Longitudo ya digrii 36 Mashariki inapita kati ya mji wa Nakuru na Njoro, nayo ndiyo mpaka wa kanda mbili za UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita za mashariki na kaskazini. Hyrax Hill iko kanda ya 37. Pango la Njoro River liko kanda ya 36. Namba ya mashariki ya Hyrax Hill inakaribia 177,000, wakati ya Njoro kwa kanda yake inakaribia 827,000. Ukiwa na timu mbili, kila moja na simu yake, na kila simu imechaguliwa kanda "sahihi" ya mahali ilipo, jioni utaunganisha majedwali na nusu ya mashimo yataangukia mamia ya kilomita kutoka Nakuru. Ukipanda kaskazini kupita kreta ya Menengai unakutana na ikweta nayo, na namba ya kaskazini inayosomeka milioni tisa na ushee kwa kanda za kusini inaanza upya kutoka sifuri kwa kanda za kaskazini.

Dawa yake ni rahisi. Leya zote zihifadhiwe kwa latitudo na longitudo za WGS 84, mfumo unaotumiwa na setilaiti za GPS (EPSG:4326, namba ya kuuchagulia mfumo huo kwenye programu), na ramani ionyeshwe kwa kanda moja tu, 37 Kusini (EPSG:32737), hata ukiwa Njoro. Huko Njoro kanda hiyo inavuta vipimo kwa takriban mita 1 kila kilomita, yaani shimo la mita 12 linaongezeka sentimita 1 hivi. Hakuna futikamba itakayoliona hilo. Umbali mrefu uachie QGIS ipime kwa elipsoidi, yaani umbo la kihesabu la dunia.

Halafu kuna ramani za serikali za 1:50,000. Hizo zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960 (EPSG:21037 kwa kanda ya 37, EPSG:21036 kwa ya 36), na namba zake zikiingizwa kwenye QField kama WGS 84, nukta inahama takriban mita 300, zaidi kwa kaskazini na kusini. Mita 300 zinatosha kukuweka kwenye shamba la jirani ukitafuta shimo ambalo halikuwahi kuwa hapo. Ripoti yoyote ya zamani inayotaja viwianishi iulizwe kwanza: namba hizi zilisomwa kutoka ramani gani?

Urefu kutoka usawa wa bahari unaosomeka kwenye simu usiuamini. Simu nyingi hutoa urefu wa elipsoidi, na hapa Kenya huo huwa chini ya ule wa ramani kwa zaidi ya mita 10. Kwa kina cha shimo hautumiki kabisa.

Simu inajua shimo liko wapi, haijui likoje

Simu ya kawaida, mahali peupe, inakosea mita 3 hadi 5. QField inaonyesha makadirio ya kosa hilo kwa rangi, na unaweza kuiagiza isikubali nukta yenye kosa kubwa kuliko kiwango ulichoweka. Weka mita 5. Inaweza pia kuchukua wastani wa vipimo kadhaa. Vipimo 30 vinatosha. Wastani hupunguza mtikisiko, lakini chini ya ukuta wa mwamba, ambapo ishara ya setilaiti hugonga jiwe kabla ya kufika kwenye simu, makosa yote huelekea upande mmoja, na wastani wake ni kosa lilelile.

Kwa kutafuta shimo tena, mita 4 hazina shida. Kwa kuchora umbo lake ni balaa. Ukizunguka ukingo wa shimo la mita 12 na simu mkononi, poligoni inatoka kama kiazi kitamu. Usichore hivyo. Simama katikati, piga nukta moja ya wastani, kisha vuta futikamba kwenda ukingoni kwa pande nane, kila digrii 45 kwa dira, uandike urefu nane kwenye fomu. Ukingo utauchora jioni kwenye QGIS, nao utakuwa sahihi kwa sentimita 20 au 30. Kubalianeni mapema ukingo ni upi: ni pale mteremko wa ndani unapoanza kushuka. Wengine huchukua kilele cha tuta, na kipenyo cha shimo hilohilo kikazidi mita mbili kati ya mpimaji na mpimaji.

Mwenye uwezo wa kuazima kipokezi cha nje, kama Emlid Reach RS2, akiunganishe na QField kwa Bluetooth. Kikiwa na kituo cha pili cha kukirekebisha kinafika sentimita chache, na hapo kuzunguka ukingo kunakuwa na maana. Kumbuka tu kuandika urefu wa fimbo ya antena kwenye mipangilio. Ukisahau, kila nukta inaelea mita mbili hewani.

Sura ya shimo kwa kwenda chini hupatikana kwa kifaa ambacho kila fundi wa nyumba anacho: mpira wa maji. Wengi huvuta kamba na kuning'iniza pima maji ndogo juu yake. Kipovu kikikosea nusu digrii, katika mita 10 umepotea karibu sentimita 9, na kamba yenyewe inalegea katikati. Mpira hauna tatizo hilo. Chukua mpira unaopitisha mwanga, wa milimita 8 hadi 10, urefu mita 25. Weka ndoo ya maji juu ya jiwe, zamisha ncha moja, vuta maji kwa ncha ya pili ikiwa chini, na uyaache yatiririke polepole hadi mapovu yote yatoke. Pitisha macho urefu wote wa mpira. Povu moja la urefu wa kidole gumba lililonaswa mahali mpira ulipoinuka linatosha kupotosha kipimo chote. Kisha leta ncha mbili pamoja: maji yakisimama sawasawa, mpira ni mzima. Yasiposimama sawasawa, mwaga uanze upya. Wakati wa kusoma ncha zote ziwe wazi, na mpira usilale nusu juani nusu kivulini, kwa sababu maji ya moto husimama juu kidogo kuliko ya baridi.

Ncha moja ifungwe kwenye kigingi cha marejeo upande wa juu wa shimo. Ya pili itembee na fimbo yenye alama za sentimita, ikisomwa kila sentimita 50. Mistari iwe miwili: mmoja unapita mlangoni na tutani, mwingine unaukata kwa pembe mraba. Kwa shimo la mita 12, pamoja na mita 4 za ziada kila upande, ni vipimo 41 kwa mstari mmoja, 82 kwa yote miwili. Pale mistari inapokatana kina lazima kilingane. Kikipishana zaidi ya sentimita 2, mtu alisoma vibaya au kigingi kilisogea, na ni afadhali kulijua hilo mkiwa bado hapo.

Mapangoni

Pango la Njoro River lilichimbwa na akina Leakey mwaka 1938, nao walikuta humo mazishi ya maiti zilizochomwa moto, pamoja na bakuli za mawe, michi na shanga. Hilo likae akilini kwa kila pango la bonde hili: sakafu unayoikanyaga inaweza kuwa kaburi. Usipige kigingi ndani, usiandike namba kwa chaki ukutani, usiokote kipande cha obsidiani (jiwe la kioo cha volkano) hata kama kiko juu ya vumbi. Stesheni za upimaji, yaani vituo unavyopimia kutoka kimoja hadi kingine, ziwekwe juu ya mwamba uliojitokeza au kwenye kistendi.

QField inaishia nje, mita 20 hadi 30 kutoka ukutani, mahali anga ni wazi. Pale piga nukta ya kwanza. Kutoka hapo ingia kwa dira, kipima mteremko na leza ya kupimia umbali. Suunto Tandem inaunganisha dira na kipima mteremko katika kisanduku kimoja cha alumini, alama zake ni za digrii moja moja, na jicho lililozoea linakadiria nusu digrii. Kabla ya kununua, uliza dira imesawazishwa kwa eneo gani la dunia. Iliyotengenezwa kwa Ulaya ikiletwa karibu na ikweta sahani yake hulala upande na kukwaruza, ikatoa jibu tofauti kila unapoisoma.

Leza iwekewe chanzo sahihi, mbele au nyuma ya mashine. Chanzo kikikosewa, kila kipimo kinapotea kwa urefu wa mashine yenyewe, zaidi ya sentimita 10. Mbele ya obsidiani nyeusi au ukuta wenye maji, mwanga wake haurudi vizuri. Msaidizi ashike kadi nyeupe. Umbali wa mlalo ni urefu wa leza mara kosaini ya mteremko, na kimo ni urefu huo mara saini. Digrii moja ya kosa katika mita 10 ni sentimita 17, kwa hiyo hatua fupi zinasaidia. Kila stesheni ipimwe pia kushoto, kulia, juu na chini.

Adui mkubwa ni sumaku. Miamba ya volkano ya bonde hili inavuta dira, na simu, taa ya kichwani na fremu ya miwani ya chuma zinaongeza. Simu yenye QField ikae mfukoni mwa mtu mwingine. Kila hatua isomwe mara mbili, kwenda na kurudi: majibu yapishane digrii 180 kamili. Yakikosea zaidi ya digrii 2, mwamba unaivuta dira kwenye mojawapo ya stesheni, isogeze. Pangoni kwenye njia ya kuzunguka, funga duara kurudi ulikoanzia. Kosa la kufunga likizidi asilimia 2 ya urefu wote, rudia.

Anayefanya mapango mengi aangalie DistoX, leza ya Leica iliyobadilishwa ili isome umbali, uelekeo na mteremko kwa pamoja na kutuma kwenye programu ya TopoDroid. Inahitaji kurekebishwa kwa vipimo 56 kabla ya kazi, na betri isiyo na sumaku. Bado mchoro wa karatasi, kwa 1:100, uchorwe pale pale. Mashine haioni kwamba majivu yanaanzia nyuma ya lile jiwe kubwa.

Penye popo vaa barakoa ya N95, maana vumbi la kinyesi chake lina kuvu unaoshambulia mapafu. Penye vumbi kavu ambamo mifugo hulala, usikae chini: papasi wapo.

Data inavyopotea

Hili QField ingelitangaza kwa herufi kubwa zaidi. Kwenye Android za sasa, mradi uliouingiza unakaa ndani ya folda ya programu yenyewe. Ukiifuta programu ili uiweke upya, data yote inafutika nayo, bila kurudi. Tena, faili ya GeoPackage, ile inayobeba leya zako, ikinakiliwa QField ikiwa wazi, kazi ya saa za mwisho inaweza kuwa bado iko kwenye faili mbili ndogo zilizo kando yake, zenye mwisho wa -wal na -shm. Anayenakili ile kubwa peke yake anarudi nyumbani na jedwali pungufu. Funga mradi kwanza, kisha nakili folda nzima, kila jioni, sehemu mbili tofauti.

QFieldCloud ingerahisisha haya, lakini akaunti ya bure ina megabaiti 100. Picha za megabaiti 4 zinaijaza kwa picha 25, yaani mashimo manane kwa picha tatu tatu. Punguza ukubwa wa picha, au tumia waya. Jua kali nalo huzima skrini: simu ikipata moto inajipunguzia mwanga hadi huoni kitu. Ifunike na kofia, na uwe na benki ya umeme ya mAh 20,000 kwa kila simu mbili.

Mradi uwe wa faragha. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inataka kibali cha kutafuta na kuchimba mambo ya kale, na wenye shamba wana haki ya kujua mnachofanya kabla hamjaruka ua. Namba kamili za mapango zikae kwa makumbusho na timu. Kwenye ramani ya watu wote duara la kilomita moja linatosha, kwa sababu anayetafuta dhahabu inayodaiwa kufichwa na Wajerumani hasomi ripoti, anasoma nukta.

Mwenye bajeti ndogo anunue kwa mpangilio huu: futikamba mbili za mita 30, mpira wa maji, Suunto, kisha leza. Simu aliyonayo tayari inatosha.